Mji Uliomeza Kitabu

Habari hii niliambiwa na wifi yangu Persisi, Ijumaa Kuu ya mwaka ule upepo ulipoezua kanisa letu. Tulikuwa tumekaa uani tunachambua maharage, maana ibada ilikosa paa. Yeye aliipata kwa mwanamke waliyelala naye vitanda jirani hospitalini, na asubuhi manesi wakamwambia kitanda kile hakikuwa na mtu wiki nzima. Nilimwuliza Persisi huo mji uko upande gani. Akasema, "Wifi, chambua maharage." Basi nauandika kama alivyoniachia, bila njia ya kwendea wala ya kurudia.

Mwanamke aitwaye Tirsa alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha kamba, anamlisha mama mkwe wake uji kwa kijiko cha mti. Mama mkwe ni Hulda. Hulda alikuwa anakufa, tena anakufa taratibu, kama mtu anayekunja nguo zake kabla ya safari: anakunja moja, anapumzika, anakunja nyingine. Nje hakukuwa mchana wala usiku. Kulikuwa na ule mwanga wa mji wao, mwanga wa rangi ya majivu, usiotoka popote na usiozama popote. Watu walilala walipochoka, wakaamka walipoamka, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe leo ni siku gani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wazee wa wazee wao walikuwa na Kitabu, kizima, jalada jeusi na ukingo mwekundu, na kiliposomwa hata kuku waliacha kuparua. Wakaja kugombana Kitabu kilale nyumba ya nani. Huyu anasema babu yangu ndiye aliyekibeba kichwani kuja nacho, yule anasema sisi ndio wenye sanduku lisiloingia mchwa. Waligombana mpaka wakachoka, kisha wakaamua kama watu wanavyoamua juu ya ng'ombe wa sherehe: tugawane. Wakakichana ukanda kwa ukanda, kila mtu na neno lake. Na kwa kuwa hawakuaminiana, kila mmoja aliutafuna ukanda wake palepale mbele ya wenzake, akaumeza. Walirudi nyumbani kwa furaha wameshika matumbo. Walidhani Neno la Mungu likigawanywa, kila mtu anabaki na Mungu mzima.

Tangu hapo neno lilitoka kwa mtu kwa njia moja tu. Mtu akikata roho alimwambia aliye karibu naye ainame, akampulizia neno sikioni kwa pumzi ya mwisho. Likisemwa wakati mwingine wowote halikukaa, lilimtoka msikiaji kama maji kiganjani. Naye aliyepokea alipaswa kulitenda kabla hajapata usingizi wake wa kwanza. Akilitenda, limekaa. Akilala kabla ya kulitenda, au akifa bila wa kumpulizia, linaondoka. Na haliondoki kwake tu, linaondoka duniani, wala haliondoki mikono mitupu. Linachukua kitu.

Aliyebeba maneno ya kwanza kabisa ya Kitabu, yale ya kutenga nuru na giza, alitumbukia kisimani peke yake, na waliokuwa hai siku hiyo waliona giza na nuru vikikorogana kama maziwa na chai. Aliyebeba neno la siku ya kupumzika alianguka kutoka juu ya paa, na siku zikapoteza majina. Yule wa orodha ndefu ya baba na mababa alipokea akiwa amelewa, akalala palepale, na tokea hapo mtu aliweza kuamka nyumba isiyo yake, akaitwa baba na watoto asiowajua, akajibu "naam," akanawa mikono, akala. Hakuna aliyeshangaa. Ukishasahau wewe ni wa nani, nyumba zote ni sawa.

Hulda akageuza uso, uji ukamtiririka kidevuni.

"Basi," alisema. "Uji nimeshiba. Jibu sijashiba."

"Mama, kula."

"Utapokea, hutapokea?"

Tirsa akamfuta kidevu kwa upindo wa kanga yake. "Nina langu tayari, mama. Linanitosha."

Neno la Tirsa lilikuwa dogo. Alilipokea kwa mama yake mzazi, naye hajui lilitoka katikati ya nini: mkia wa barua ya mzee fulani aliyefungwa, anamwomba rafiki amletee koti lake aliloliacha mahali. Basi. Koti. Siku alipolipokea alicheka huku analia, akashika koti la kwanza aliloliona, akakimbia nalo sokoni akamvika mzee mmoja aliyekuwa hana hata baridi. Mzee akamwambia, "Binti, hili koti ni langu, umeliiba wapi?" Lakini neno likakaa. Na tangu siku hiyo Tirsa hakuweza kumpita mtu anayetetemeka.

"Langu si la koti," alisema Hulda.

"Lako nalijua. Mji mzima unalijua."

Mji mzima ulilijua, ndiyo. Neno la Hulda lilimwamuru mtu apeleke chakula kwenye kinywa cha adui yake, kwa mkono wake mwenyewe. Na adui wa Tirsa pia mji mzima ulimjua, maana alikuwa ameketi langoni.

Jina lake Asafu. Alikuwa rafiki wa Eliabu, mwana pekee wa Tirsa. Waligombana kisimani juu ya zamu ya kuchota, jambo la maneno mawili matatu, Asafu akainua jiwe, Eliabu akaanguka. Aibu ikamuua baba yake Asafu kabla miguu ya marehemu haijapoa. Mzee akamwita mwanawe ainame, akampulizia neno alilokuwa nalo, nalo likawa lile lisemalo aliyemwaga damu ya mtu, damu yake nayo imwagwe. Desturi yao ilisema mkono wa kumwaga ni wa mama wa aliyeuawa. Basi Asafu akaenda akaketi langoni, mgongo ukutani, akafumbua macho, akamngoja Tirsa aje na kisu. Hakulala. Akilala kabla neno halijatendwa, neno la baba yake litaondoka duniani kwa sababu yake. Macho yake yalikuwa yamekuwa mekundu kama makaa, kisha meupe kama majivu, na bado alikuwa amekaa.

Watu walisema Tirsa ana huruma, hakuchukua kisu. Hawakumjua. Kila alipokwenda kisimani alitua ndoo mbele ya Asafu.

"Hujalala?"

"Sijalala, mama."

"Kaa hivyohivyo."

Kisha hujitwika ndoo yake akaenda zake, na hicho kilikuwa kitu kitamu pekee kilichosalia kwake duniani. Jambo moja tu lilimsumbua. Mtu asiyelala anaweza kuishi, mambo ya mji ule yalikuwa hivyo. Lakini mtu asiyekula?

"Nimekuwa nikimlisha mimi," alisema Hulda pale kitandani, kama aliyesoma mawazo ya mkwewe.

Kijiko kilisimama hewani. "Unasema?"

"Nikikuaga nakwenda kanisani kupunga upepo. Nilikuwa napita langoni."

"Kwa uji wangu?"

"Kwa uji wako. Wa kwangu ungetoka wapi, mwanangu?"

"Mama! Mtu aliyemuua mjukuu wako!"

"Kama angemuua mjukuu wa jirani," alisema Hulda, "angekuwa adui wa jirani. Nisingekuwa na kazi."

Hodi ikabishwa mlangoni, na kabla hajajibiwa akaingia Naftali, shemasi, na kamba yake ya kupimia begani. Naftali alipokea neno la vipimo vya mapazia ya hema fulani la zamani, urefu kadha na upana kadha, na vitanzi vya rangi ya buluu. Hakuna aliyejua hema lilikuwa la nani. Naftali alishona pazia lake la kwanza siku hiyohiyo ili alale, akashindwa kuacha. Kanisa lilikuwa limejaa mapazia. Alipokosa pa kuyaanika aliyaanika juu ya zile mbao mbili.

Hapa sina budi kuzieleza mbao. Mbele ya kanisa lao zilisimama mbao mbili zilizopigiliwa, moja imesimama, moja imelala juu ya mwenzake. Mpaka siku aliyokufa Eliabu, watu walizipigia magoti. Siku ile waliamka, wakazitazama, wakatazamana. Walihisi palikuwa na mtu pale. Mikono yao ilijua kwamba palikuwa na mtu, maana iliinuka yenyewe kwenda kwenye paji la uso, ikafika nusu ya njia ikasahau. Ni nani, aliwekwa pale na nani, kwa kosa gani, na ilikuwaje kwamba jambo baya namna ile liliwahi kuwafanya waimbe? Hawakujua. Eliabu alikuwa amelibeba neno la mbao, na Eliabu alikufa kisimani bila wa kumpokea. Wewe msomaji unajua, na mimi najua. Wao walibaki na mbao nzuri za kuanikia.

"Mama Eliabu," alisema Naftali, "nimekuja kukuomba. Usiache neno hili liondoke."

"Lipokee wewe, Shemasi. Una masikio makubwa."

"Mimi sina adui! Nimetafuta. Juzi nilimtukana muuza chumvi makusudi, nikamtukana na mama yake. Akacheka, akaniongezea chumvi." Akafuta uso. "Hakuna mtu katika mji huu mwenye adui wa kweli isipokuwa wewe. Ni wewe peke yako unayeweza kulitenda."

"Kwa hiyo nimebahatika."

"Sikusema hivyo."

"Na lisipopokewa litachukua nini?"

Naftali akaanza kuikunja kamba yake mkononi. "Nimeliwaza sana. Nadhani litachukua mkono."

"Mkono gani?"

"Huo," alisema, akaonyesha kijiko. "Njia ya mkono kutoka chunguni kwenda kwenye kinywa cha mtu mwingine. Kila mtu atajua kujilisha. Lakini mama atamtazama mtoto analia, chakula anacho, na mkono wake hautajua pa kwenda."

Tirsa akautazama mkono wake. Ulikuwa umeshika kijiko cha uji mbele ya mdomo wa mwanamke mzee asiye na meno, umekishika bila kuombwa, kama unavyomshika mtu anayejikwaa. Hakuwahi kuufikiria. Alimlisha Eliabu kwa mkono huu, na Eliabu alikuwa akitema ndizi na kucheka.

"Mwanangu," Hulda alimwita, na sauti ilikuwa imebaki ncha tu. "Nguo zimekwisha kukunjwa."

Tirsa akainama.

Sikuambiwa neno lilisemwaje, na Persisi naye hakuambiwa. Tirsa alisikia pumzi yenye joto na harufu ya mtama, kisha hakusikia pumzi nyingine. Alipoinuka, neno lilikuwa limekaa chini ya mbavu zake kama mtu aliyeingia nyumbani bila kubisha na kuketi kwenye kiti cha mwenye nyumba. Halikumsihi. Halikumweleza sababu. Lilikaa tu pale, likimtazama.

Naftali akalifungua pazia alilokuwa amejifunga, akamfunika Hulda kutoka kichwani mpaka miguuni. Lilimtosha kama lililopimwa kwa ajili yake. "Unaona?" alisema kwa unyonge. "Siku zote nilijiuliza ni ya nini." Kisha akasema amechoka, anakwenda kujilaza kwenye benchi la kanisa, na kwamba Tirsa asilale. "Chochote kitakachotokea, Mama Eliabu. Usilale." Akaondoka.

Tirsa akawasha moto.

Akakoroga. Koroga, usigande. Neno hili ni la nani? La Mungu. Mungu yuko wapi? Katika Neno. Na Neno liko wapi? Tumboni mwangu, likiwa na uchungu kama dawa. Nani aliniambia ni la Mungu? Hulda. Hulda aliambiwa na nani? Na aliyemwambia? Shuka hivyo ngazi kwa ngazi mpaka chini, utamkuta mtu anatafuna karatasi kwa sababu hamwamini jirani yake. Huyo ndiye mwanzo wa imani yangu, mtu mchoyo mwenye kinywa kilichojaa. Lakini mbona nakoroga? Hakuna aliyeniwekea panga shingoni. Shemasi amekwenda kulala. Mwenye neno amekufa. Ningeweza kujilaza hapa chini, nikafumba macho, likaniondoka. Mbona nakoroga? Wafalme wa nchi waliamuru, tukatii walipotutazama, wakifumba macho tunaiba. Hili halina macho wala askari. Limechanwa, limetafunwa, limemezwa na walevi, limepita vinywa vyenye meno mabovu, limebaki kipande kisicho na mwanzo wala mwisho, na bado likisema simama, magoti yangu yananyooka. Nguvu hii ni ya nani? Laiti lingekuwa zima. Lingekuwa zima pengine lingeniambia kwa nini. Kipande hakisemi kwa nini. Kipande kinaamuru tu. Koroga. Usigande.

Uji ulipoiva akaumimina kwenye bakuli. Kulikuwa na baridi, basi akachukua koti la Eliabu kwenye msumari nyuma ya mlango, akalivaa juu ya kanga. Hakuwa ameligusa tangu msiba. Mfukoni mlikuwa na kokwa la tunda, akaliacha.

Njia ya langoni ilipita kanisani. Alimsikia Naftali akikoroma kwenye benchi. Akazitazama mbao mbili zikiwa na mapazia juu yake, mkono wake ukainuka kwenda kwenye paji la uso, ukasahau, ukashuka.

Asafu alimwona kutoka mbali. Aliinua kidevu, akaiweka shingo yake wazi, kama alivyofanya kila mara alipomwona.

"Umekuja na kisu?"

"Nimekuja na uji."

Kidevu kikashuka. "Bibi Hulda yuko wapi?"

"Amefariki. Nimempokea."

Machozi yalijaribu kumtoka Asafu, yakakosa njia kwenye macho makavu namna ile. "Nilimlia mtama wake," alisema. "Sikuwahi kumwambia asante. Nilikuwa naona aibu hata ya kusema asante."

"Mtama ulikuwa wangu. Fungua kinywa."

"Siwezi, mama."

"Kwa Hulda uliweza."

"Bibi Hulda si mama yake. Wewe unajua desturi kuliko mimi. Nikila mkononi mwako, damu imefungwa. Hakuna tena wa kunidai. Neno la baba yangu halitatendwa kamwe, na mimi nitalala, maana nimechoka, mama, hujui nilivyochoka, nikimeza kitu cha moto kutoka mkono wako nitalala kabla hakijafika tumboni. Na litaondoka."

"Liondoke. Neno gani hilo? La kisu."

"Ni la Kitabu kilekile."

Ni kweli lilikuwa la Kitabu kilekile. Yalilala ndani ya jalada moja, neno la kisu na neno la uji, na wazee waliyasoma yote mawili kwa sauti ileile na kuku hawakuparua. Lazima kati ya kurasa hizo mbili palikuwa na kurasa nyingine, mahali fulani palipoelezwa jinsi mtu mmoja anavyoweza kudaiwa yote na kusamehewa yote, na deni lisipotee wala mdeni asife. Lazima palikuwapo. Hakuna aliyebaki mwenye kurasa hizo.

"Litachukua nini?" aliuliza.

"Nimekaa hapa kitambo, nimeliwaza kuliko shemasi alivyowaza mapazia." Asafu akalamba midomo iliyopasuka. "Damu ya mtu isipokuwa na neno la kuidai, itakuwa maji yaliyomwagika. Watu watasahau kwamba Eliabu aliuawa. Mimi nitasahau. Wewe utasahau. Hatakuwa ameuawa. Atakuwa tu hayupo."

Bakuli lilikuwa linatoa mvuke. Tirsa aliketi chini mbele yake, bakuli mapajani. Hasira yake ilikuwa ndiyo kaburi la Eliabu, hakuwa na jiwe lingine alilomwekea. Akimlisha huyu, mkono wa kulisha utabaki duniani, na mtoto wake ataondolewa mara ya pili. Asipomlisha, mtoto wake atakumbukwa na mama wasioweza kulisha watoto wao. Alikaa. Uji ukaanza kufanya utando juu. Kope zake mwenyewe zikawa nzito, akajifinya mkono.

"Niambie kitu," alisema mwishowe. "Alisema nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Ulikuwa wewe na yeye tu kisimani. Mtu hafi kimya."

Asafu akageuza uso ukutani. Tirsa akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamrudisha, kama mtu anavyomrudisha mtoto anayekataa dawa.

"Aliniita," alisema Asafu. "Hilo sijamwambia mtu. Alikuwa amelala chali, damu inamwingia machoni. Akaniita jina langu. Akasema, 'Asafu, inama.'"

"Inama?"

"Alitaka kunipa. Neno lake. Hakukuwa na mwingine wa kumpa ila mimi niliyempiga. 'Inama upesi,' akasema, kama mtu anayetaka kukugawia kitu kitamu kabla wengine hawajafika. Nami nikakimbia. Nikadhani anataka kunilaani. Nilipokuwa njiani, nikatazama kanisani, mbao zikawa mbao."

Tirsa alikuwa ameshikilia kidevu kile bila kujua. Alimwona mwanawe chali, macho yamejaa damu, akimtafuta muuaji wake ampe kitu. Akaelewa kwamba hakuja langoni peke yake na neno la Hulda. Kwamba kabla yake Eliabu alikwishaufanya mwendo uleule kwa mkono mtupu, akaachwa na mkono wake hewani.

"Basi alitaka kukupa," alisema.

"Alitaka."

"Na ukakimbia."

"Nilikimbia, mama."

"Hapa hukimbii." Akakwangua utando pembeni mwa bakuli, akachota chini palipokuwa pa moto. "Eliabu mwanangu," alisema kwa sauti, kwa kuwa alijua ni mara ya mwisho kulisema jina hilo na maana yake yote. "Aliuawa. Aliuawa kisimani, kwa jiwe. Aliuawa na rafiki yake. Fungua kinywa."

Asafu akafungua kinywa kama mtoto.

Alimlisha kijiko kwa kijiko. Akimfuta kidevu, akipuliza uji, akingoja ameze. Yeye alikula huku analia, sasa machozi yamepata njia, yakichanganyika na uji, naye akayala. Bakuli lilipoisha alikuwa anatetemeka mwili mzima. Tirsa hakuweza kumpita mtu anayetetemeka. Akavua koti, akamfunika nalo, akamchomekea pindo chini ya mabega.

"Mama Eliabu," alisema Asafu, ulimi umelegea. "Nisamehe kabla…"

Kichwa kikaanguka pembeni. Akalala.

Hakukuwa na ngurumo. Kitu kidogo kilipita, kama mlango wa nyumba ya mbali unapofungwa taratibu na mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Tirsa alisimama langoni akiwa na bakuli tupu mkononi. Miguuni pake alikuwa amelala kijana mmoja mwembamba, uji kidevuni, amejifunika koti. Maskini, njaa hii. Alifurahi kwamba mkono wake ulikuwa umemlisha, ingawa hakukumbuka ni nani aliyemtuma. Mashavu yake yalikuwa mabichi. Akayafuta, akatazama juu kama kuna mvua. Hakukuwa na mvua.

Akarudi nyumbani. Kanisani Naftali alikuwa bado anakoroma, na mbao zilikuwa mbao. Hulda alikuwa chini ya pazia lake, na Tirsa akaketi kando yake, akamlilia mama mkwe wake kama mtu mzima anavyoliliwa, kwa kiasi. Kaburi litachimbwa Eliabu akija. Kijana ana mabega, na alimpenda sana bibi yake. Amekwenda wapi siku hizi? Amechelewa. Vijana.

Akaugeukia mlango, akaona msumari uko mtupu.

"Ameondoka na koti lake," alimwambia Hulda. "Afadhali. Nje kuna baridi."

Akapakua uji uliobaki chunguni, akaufunika kwa sahani, akauweka karibu na makaa usipoe. Mlango hakuupiga komeo. Akatandika mkeka wake kando ya kitanda cha kamba, mahali ambapo mtu akiingia hataweza kupita bila kumgusa, akajilaza ubavu, uso mlangoni. Alikusudia kukaa macho mpaka amsikie. Alisikiliza kidogo. Kisha naye akalala.